Viunganishwe na Wanga

Nilirudi dukani kuchukua shuka za Mama. Hilo tu. Mguu wake ulikuwa umevimba wiki ya tatu sasa, kutwa yuko kitandani, na shuka safi ndiyo raha pekee niliyoweza kumpa bila kumuuliza daktari.

Giza lilikuwa linaingia. Fundi viatu alikwisha kufunga, seremala alikuwa anafagia vumbi lake, na duka letu la dobi ndilo la mwisho mtaani, limepakana na ukuta mrefu usio na dirisha. Nikafungua kufuli. Nikasukuma mlango.

Kengele haikulia.

Sikushtuka. Ile kengele ya shaba juu ya mlango ilikuwa bubu tangu Jumanne, na sababu niliijua. Au nilidhani naijua. Ili mnielewe, lazima kwanza niwarudishe Jumatatu.

Kila Jumatatu tukishafunga, watu watatu tulikuwa tunakaa kwenye meza ya kupigia pasi na kucheza mchezo wetu. Si karata, si drafti. Ni mchezo wa kujifanya watu wengine, katika nchi isiyokuwepo. Kila mmoja ana mhusika wake, bahati inapimwa kwa dadu, na yaliyobaki yote ni maneno. Watu wazima na kazi zetu, tunabishana kuhusu mazimwi mpaka chai inapoa.

Wa kwanza mimi. Wa pili mdogo wangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Pasi, maana alishika moto haraka na kupoa haraka. Tulirithi duka kwa Mama. Baba yuko hai, ila yuko hai kwa mke mwingine. Wa tatu ni rafiki yetu, mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye aliyetunga kanuni za mchezo na ndiye aliyezisimamia, kwa hiyo tulimwita Hakimu. Hakimu hakuwa na mchezo kwenye mchezo. Ukimwambia, "Mimi nilimaanisha hivi," anakujibu, "Ulichomaanisha kaa nacho nyumbani. Kilichoandikwa ndicho kilicho."

Mhusika wangu alikuwa fundi wa vifaa vya uchawi. Wa Pasi alikuwa shujaa mwenye upanga mkubwa na akili ndogo, na alikuwa amekufa mara nne. Kila akifa, Pasi alinuna wiki nzima. Mimi moyo wangu kwa yule kijana ni mlaini, sifichi. Nikaamua kumbunia kifaa cha kumzuia asife tena. Nikakaa na wazo hilo siku tatu, huku napiga pasi mashati ya watu, mpaka likaja lenyewe kutoka kwenye kamba ya kuanikia. Jumatatu ile nikaweka kadi mezani.

KIBANIO CHA ROHO
Kazi: hubana roho ya aliyekufa kwenye nguo yake, isiondoke.
Viungo: vijiti viwili vya mlango usiofunguka. Waya wa kengele isiyolia. Uzi wa nguo ya mfiwa ambaye machozi hayajamkauka, uzungushwe mara saba.
Namna ya kutengeneza: vyote viunganishwe na wanga.
Kasoro: ...

"Wanga upi?" Pasi akauliza, mdomo umejaa mkate. "Au ni wanga wepi? Maana ule wa kwenye sufuria naujua. Ila wale wanaotembea juu ya mapaa ya watu usiku, hao sijui bei yao."

Hakimu hakucheka. "Ameuliza swali la maana. 'Viunganishwe na wanga.' Ndicho kitu cha kuunganishia, au ndio watu wa kuunganisha? Andika 'kwa wanga', uondoe utata."

"Hapa ni kwa dobi," nikamjibu. "Hapa wanga ni mmoja tu, na uko jikoni unachemka."

"Shauri yako. Na kasoro?"

Kanuni yake nyingine hiyo: hakuna kifaa kisicho na kasoro. Mimi sikuwa nimeipata. Pasi akapiga mwayo. "Tutaandika kesho," akasema. Kila kitu kwake kilikuwa kesho. Nauli kesho, kunyoa kesho, kuoa kesho.

Ukikileta kifaa ulichokitengeneza kwa mikono yako, Hakimu anakupa bila kurusha dadu. Basi tukakitengeneza pale pale, kwa kudanganya, maana nani angejua? Mlango wa stoo ulikuwa unafunguka vizuri tu. Nikabandua vijiti viwili kwenye fremu yake. Kengele ilikuwa inalia mpaka inaudhi. Nikakata kipande cha waya wake. Uzi nikauchomoa kwenye pindo la shati la Pasi mwenyewe, lile la miraba, lililokuwa kwenye hanga pale dukani.

"Na wewe umefiwa na nani?" Hakimu akamuuliza.

"Na mimi mwenyewe," Pasi akasema. "Mara nne."

Tulicheka sana. Nikapaka wanga wa moto kwenye viungo, nikapuliza, kikashika. Kibanio kidogo, kibaya, kimepinda kidogo. Nikakitundika msumarini juu ya meza, na kadi pembeni yake.

Jumanne kengele ikaacha kulia. Nikasema nimeukata waya vibaya. Jumatano mlango wa stoo ukagoma kufunguka, tukausukuma wote wawili mpaka mabega yakauma. Nikasema unyevu umevimbisha mbao. Nilikuwa na jibu la kila kitu, mimi.

Basi, Alhamisi ile magharibi, niko dukani, nakunja shuka ya pili ya Mama.

Nikanusa kitu.

Harufu ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Dobi akiinusa harufu hiyo moyo unamtoka. Nikageukia rafu haraka. Pasi zote zilikuwa baridi. Hata moja haikuwa kwenye umeme. Nikageuka tena.

Mtu alikuwa amesimama mbele ya kaunta.

Mwanamke wa makamo, mnene kidogo, sura ya mtu unayemsalimia sokoni ukamsahau hapo hapo. Ila nguo zake... Nina miaka kumi na sita kwenye kazi hii na sijawahi kuona nguo zilizotiwa wanga namna ile. Alipoinua mkono, kitambaa kililia.

Krr. Krr.

Na kwenye mikunjo ya vidole vyake mlikuwa na unga mweupe, mkavu.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Tumefunga. Kama ni nguo, lete kesho asubuhi."

Hakuitikia salamu. "Sikuleta nguo," akanong'ona. "Nimeleta mikono."

"Mikono?"

"Tumeitwa."

Nikachungulia nyuma yake. Hapakuwa na mtu. "Nani amewaita?"

Akanyoosha kidole juu ya bega langu, kwenye kadi. Akasoma polepole, neno kwa neno, huku akiyafurahia. "Vyote... viunganishwe... na wanga."

"Mama, huo ni mchezo. Na wanga wenyewe ni wa nguo. Ni unga na maji tu."

"Hukuandika upi," akasema. "Sisi tumesoma wepi."

Juu ya bati kitu kikasogea. Kimoja. Halafu vingi. Vikatulia vyote kwa pamoja.

"Mko... mko wangapi?"

"Ungetaka mmoja, ungeandika mwanga."

Akapita kwenye kaunta. Sikumwona akizunguka, nilimwona tu yuko upande wangu, na ile harufu ikanijaa kooni. Akakitungua kibanio, akakigeuzageuza kama mteja anayekagua kola.

"Mlango tayari," akanong'ona. "Kengele tayari." Akaukwaruza uzi kwa ukucha. "Huu bado. Mwenye shati hili hajafiwa."



Akanitazama kwa huruma. Huruma ya kweli, na ndiyo iliyonitisha kuliko yote. "Usijali, mwanangu. Kesho magharibi atakuwa amefiwa."

Akakirudisha msumarini. Akatoka. Kengele haikulia. Nikasikia krr, krr, krr ikienda mpaka mwisho wa ukuta mrefu, na pale mwisho ikakatika. Kwenye kaunta aliacha alama za vidole, nyeupe. Nilihesabu. Vilikuwa vingi mno kwa mtu mmoja.

Nilikaa chini sakafuni na shuka za Mama mapajani. Nikajilazimisha kufikiri. Pasi afiwe. Afiwe na nani? Mtu hafiwi na hewa. Na Baba hawajaongea miaka, habari yake isingemtoa hata chozi. Mke hana, mtoto hana. Alikuwa na watu wawili tu duniani wa kumliza. Mmoja ni Mama, kitandani, na mguu wake na moyo wake unaochoka. Wa pili ni mimi.

Niseme ukweli. Niliogopa kwa ajili ya Mama. Lakini niliogopa zaidi kwa ajili yangu.

Nikachukua koleo nikivunje kile kibanio. Koleo likateleza. Nikakipiga nyundo kwenye sakafu, saruji ikabanduka, chenyewe kizima. Ule wanga niliopika kwa mkono wangu ulikuwa umekuwa jiwe. Kitu kimoja tu kilichokubali kutoka ni uzi. Ulifumuka mara moja nilipougusa, kwa urahisi kabisa.

Nikampigia simu Hakimu.

"Kadi inaweza kufutwa?"

"Salamu kwanza," akasema.

"Hakimu, nakuomba."

"Haifutwi. Ilishapita."

"Na kiungo je? Naweza kubadilisha kiungo?"

"Kwa kingine cha aina ile ile, ruksa. Kwani unataka kutuibia nini safari hii?"

Nikakata. Kiungo cha aina ile ile. Uzi wa mfiwa. Mfiwa wa kweli! Kwa nini sikufikiri hivyo tangu Jumatatu? Nikipata uzi wa mtu ambaye tayari yuko msibani, basi kila kilichoandikwa kitakuwa kweli, na wanga hawatakuwa na kazi ya kufanya kwetu. Hakuna atakayekufa. Aliyekufa amekwisha kufa.

Nikaanza kupekua hanga moja baada ya nyingine. Sare za shule. Mashati ya benki. Koti la mchungaji. Mwisho kabisa, karibu na ukuta, nikalikuta. Gauni jeusi. Limefika juzi. Tiketi haina jina la mteja, kuna maneno mawili tu, kwa mwandiko mbaya wa Pasi: "Haraka sana."

Nyeusi. Haraka. Jina hakuna, maana watu wa msiba hata majina yao huwapotea. Nikaliweka shavuni gauni lile, sijui kwa nini. "Pole, dada," nikamwambia mwenyewe asiyekuwepo. "Pole sana, na unisamehe." Nikachomoa uzi mmoja mrefu kwenye pindo. Nikauzungusha kwenye kibanio mara saba.

Ukanata wenyewe. Sikupaka kitu.

Nikarudi nyumbani na shuka. Pasi alikuwa amekaa miguuni pa Mama, anamkanda ule mguu na kumtania kwamba ukizidi kuvimba atauuza kama nguzo. Mama anacheka mpaka anakohoa. Nikasimama mlangoni nikiwatazama, machozi yananilenga, wakadhani nimechoka.

"Dada," Pasi akasema, "Jumapili tuna mgeni. Usivae lile gauni lako la mistari, unafanana na godoro."

"Mgeni gani?"

"Subira yavuta heri."

Nikamwacha na siri zake. Usiku kucha nilikuwa nasikiliza pumzi ya Mama, sikuwa na nafasi ya kusikiliza kitu kingine.

Ijumaa ikapita vizuri. Mchana nilimpigia Mama simu mara tisa, mara ya tisa akaniuliza kama nimelewa. Saa kumi na mbili jioni nilikuwa nimeanza kuimba. Ndipo Pasi akaja na ngazi ya seremala begani.

"Unaenda wapi na hiyo?"

"Juu. Suti yangu iko stoo, na mlango wako umegoma. Nabandua bati moja, nashukia ndani."

"Suti ya nini?"

"Dada, maswali yako yangekuwa nguo tungefua mwaka mzima."

"Acha. Kesho tutauvunja mlango."

"Kesho sitaki," akasema.

Tangu azaliwe sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Ilinibidi nilione. Sikuliona. Jua lilikuwa limezama, anga imebaki na wekundu kidogo nyuma ya ukuta, na mimi nikashika ngazi kwa chini mpaka akapanda, nikarudi ndani kuwasha taa.

Nikamsikia juu ya bati. Hatua zake nazijua, nzito, za mtu asiyejali watakaoamka. Du. Du. Du. Zikafika juu ya stoo. Zikasimama.

"Dada?" sauti yake ikashuka kupitia dari. "Umepanda?"

"Niko chini!"



"Sasa huyu ni nani?"

Harufu ikaja kabla sijajibu. Nguo inayoungua.

Krr.

"Pasi, shuka! Shuka sasa hivi!"

Bati lote likatembea. Miguu mingi, myepesi, ikatoka kila pembe ya paa na kwenda mahali pamoja. Halafu msumari ukang'oka, bati likalia, na kitu kizito kikaanguka stoo, nyuma ya ule mlango.

Mlango usiofunguka.

Niliupiga kwa bega. Niliupiga kwa kiti. Nikapiga kelele mpaka sauti ikaniisha, nikampigia Hakimu sijui nikasema nini. Na kati ya kelele zangu nilikuwa namsikia. Alikuwa karibu sana, upande wa pili wa ubao, ananong'ona.

"Dada... Dada..."

"Niko hapa. Vumilia. Hakimu anakuja."

"Dada... baridi..."

Pumzi zikaanza kuachana. Nilizihesabu. Baada ya moja niliingoja nyingine kwa muda mrefu sana, ikaja, ndogo. Nikageuza macho nisijue la kufanya, nikaliona lile shati lake la miraba kwenye hanga. Juu yake, msumarini, kibanio.

Mnicheke mkitaka. Nilikimbilia mchezo wa watoto, ndugu yangu anakata roho. Nikakitungua. Kilikuwa cha moto mkononi. Nikalishika shati begani, nikabana.

Tak.

Pumzi ikakatika nyuma ya mlango.

Na shati, lililokuwa kavu tangu Jumatatu, likaanza kudondosha maji.

Hakimu alifika na seremala na shoka. Daktari akaja baadaye, akasema shingo ilivunjika, alikufa papo hapo alipogusa sakafu. Nilimuuliza mara tatu. Papo hapo, akasema, hakuumia, asingeweza hata kuita. Alidhani ananifariji.

Jumamosi asubuhi nilifungua duka kwa sababu nyumbani palijaa watu na sikuweza kupumua. Nikakaa nyuma ya kaunta. Kengele haikulia, lakini mlango ulifunguka. Akaingia msichana mmoja, mrefu, kitambaa kichwani kimekaa upande, macho yamevimba mpaka yanakaribia kufumba.

"Samahani, dada," akasema. "Nimekuja kuchukua gauni langu. Jeusi. Sina tiketi, alilileta... alilileta mwenyewe."

"Nani?"

Akataja jina la mdogo wangu. Jina lake halisi, ambalo hata mimi nilikuwa silitumii.

"Kesho alikuwa anilete kwenu," akasema. "Alisema nivae hili, eti mama yenu anapenda rangi iliyotulia. Alisema yeye atavaa suti." Akajifuta pua kwa kiganja. "Sasa nitalivaa kumzika."

Nililishusha gauni kwenye hanga. Hakuwa amefiwa. Juzi, nilipochomoa ule uzi, hakuwa amefiwa na mtu yeyote. Alikuwa mchumba wa mtu. Nilimtoa Mama kwenye mdomo wa kaburi, nikajitoa na mimi, na kwa mkono wangu huu huu nikamweka Pasi.

Msichana akalikunjua, akalipapasa mpaka chini. Akasimama.

"Mbona pindo limefumuka?"

Nikajifanya natafuta mfuko wa kuliwekea.

"Haidhuru," akasema. "Nani ataangalia pindo."

Alipoondoka ndipo nilipoiangalia kadi. Ile sehemu ya kasoro tuliyoiacha wazi, ile ya kesho, ilikuwa imejazwa. Herufi nyeupe, za unga, zimekaa vizuri kwenye mstari. Nilimwonyesha Hakimu baada ya mazishi. Aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Imeandikwa vizuri," akasema kwa sauti ndogo. "Haina utata." Hajakanyaga dukani tangu siku ile.

Kasoro: nguo isikauke.

Mwaka wa pili sasa. Kila asubuhi na kila magharibi nachovya mkono kwenye ndoo na kulilowesha lile shati, taratibu, kuanzia mabegani. Silali mbali na duka. Kiangazi naamka mara tatu. Limeota ukungu makwapani na kwenye kola, na miraba haionekani tena vizuri, mimi ambaye sikuwahi kumrudishia mteja nguo yenye doa. Mama anauliza mbona nanuka unyevu. Wifi yangu, maana namwita wifi, huja kila Jumapili kumkanda Mama mguu, na hajawahi kuniuliza kwa nini siwezi kumtazama usoni.

Pasi yuko. Nikiweka sikio kifuani pa shati namsikia. Mwanzoni alikuwa ananiita tu. Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikawa namsimulia habari za mtaa, nani kaoa, nani kahama, na maji yanadondoka sakafuni kidogo kidogo, nikajiambia anacheka.

Sasa ana neno moja.

Leo jua ni kali kuliko siku zote. Nimelitungua shati, nimelibeba mpaka mlango wa uani. Kamba iko tupu, imenyooka, inangoja. Dakika kumi kwenye jua hili na lingekuwa kavu kabisa. Limelala mikononi mwangu, zito, baridi, na kutoka ndani ya kitambaa, polepole, kwa sauti ya mtu aliyechoka sana, linanong'ona.

"Dada... nianike."

Nimesimama pale mpaka kivuli cha ukuta kikafika miguuni.

"Kesho," nikamwambia. "Kesho, mdogo wangu."

Nikarudi ndani kutafuta ndoo.